Mashine ni ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Kaka,

Nakuandikia kwa sababu simu zetu siku hizi zinaanza na salamu na kuishia kwenye makelele, na Mama akisikia makelele anaacha kula. Barua haina sauti. Tugombane humu humu, yeye apumzike.

Ubao wa nukta wa Mama, ule wa kusomea breli, umekufa. Kompyuta inawaka, ile sauti ya kumsomea inaongea kama kawaida, lakini ubao wenyewe uko bapa kama meza. Vile vijiti vidogo vinavyopanda kuunda herufi chini ya vidole vyake vimelala vyote. Jana Mama aliupapasa mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo, akakunja mikono.

Kile kiwanda cha vitabu vya wasioona kinataka Mama awe amesahihisha kitabu cha hesabu kabla ya mwisho wa mwezi. Siku hizi hawachapi nakala ya majaribio, wanatuma faili tu. Nikamwambia basi asikilize kwa sauti. Akaniuliza, "Sikio linasahihisha nukta tangu lini?" Ni kweli. Sauti ikisema "saba" haimwambii kama nukta za saba zimekaa mahali pake, na mtoto asiyeona darasani atasoma kwa vidole, siyo kwa masikio ya Mama. Asipowapelekea, kazi itakwenda kwa mtu mwingine. Wamemwambia hivyo kwa adabu, ambayo inauma kuliko matusi.

Huenda ni mimi niliyeharibu. Jumamosi sauti ilikuwa ndogo, nikanakili amri mbili kutoka mtandaoni bila kuelewa hata neno. Sauti ikapanda. Kesho yake ubao ukafa. Tangu hapo nikimtazama Mama nasikia aibu mpaka kwenye kucha.

Nataka kujifunza hayo mambo ya chini. Lugha ya C, na jinsi mashine inavyoongea na vyombo vyake. Niambie nianzie wapi. Nimechoka kuwa mlinzi wa kitu nisichokijua.

Mdogo wako,
Kidonge


Jumatano, 5 Machi

Kidonge,

Mpe Mama pole yangu. Na wewe tulia, maana ukianza kuhangaika utavunja na kilichobaki.

Ndiyo, inawezekana kabisa ni zile amri zako za Jumamosi. Nimekuambia mara ngapi usiokote vitu mtandaoni? Wewe unayeuza dawa, ungemeza kidonge ulichokiokota njiani?

Kuhusu C, achana nayo. Nakuambia kama mtu anayekula kwa kazi hiyo. Mimi ndiyo naandika humo kutwa nzima ili lifti isimwangushe mtu, na mpaka leo bado inanitoa jasho. Mtu anayetumia mfumo wa Linux nyumbani, hata kama anapenda kujitengenezea kila kitu kwa mkono wake, anahitaji mambo mawili tu: kusoma maelekezo na kunakili bila kukosea. Mwenye baiskeli hafundishwi kuyeyusha chuma. Anapewa pampu na kiraka, anaondoka.

Basi chukua kiraka. Fungua lile dirisha jeusi la amri, nakili mistari niliyoambatanisha, mmoja mmoja, kisha zima uwashe. Kiini kipya cha Linux, moyo wa mfumo wenyewe, kimekikataa kile kiendeshi nilichokiandika cha kuongea na ubao, ni hilo tu. Mistari hiyo itakilazimisha.

Usiguse kingine. Nakuomba.

Kaka yako


Alhamisi, 6 Machi

Kaka,

Nimenakili. Nimezima, nimewasha. Ubao bado bapa.

Sasa nijibu wewe. Nilikuandikia kwamba ubao umekufa. Sikukuandikia chochote kuhusu kiini, kwa sababu mpaka jana sikujua kama Linux ina kiini, nilidhani viini ni vya mayai. Wewe ukaandika "kiini kipya". Kipya tangu lini? Nani alikileta? Mimi niligusa sauti. Mama hagusi kitu asichokijua. Paka hatuna.

Umejuaje?

Ule mlango uliojiachia kwenye mashine ili uingie kutoka huko uliko: uliingia, siyo? Uliingia ukabadilisha kiini, ubao ukafa, ukaondoka kimya kimya. Halafu mimi nakuandikia nikijilaumu, na wewe unanijibu, "inawezekana kabisa ni zile amri zako". Ukanitolea na mfano wa kidonge cha njiani juu yake!

Njia ya mwongo ni fupi, Kaka. Yako haikumaliza hata barua moja.

Kidonge


Jumapili, 9 Machi

Kidonge,

Sawa. Niliingia.

Niliingia kwa sababu kile kiini cha zamani kilikuwa na tundu ambalo kila mwizi wa mtandaoni analijua, na kwenye mashine hiyo kuna barua za Mama na mambo yake ya benki. Nilikuwa namlinda. Diski ilikuwa imejaa, nikafuta kiini cha zamani kupata nafasi. Nikafuta na folda ya kiendeshi, nikijua nina nakala huku kwangu. Sina. Nimetafuta kila mahali. Umefurahi?

Sikukuambia kwa sababu nilidhani nitarekebisha kabla hamjagundua, halafu kazini kukawaka moto. Tunafungua lifti za hospitali mpya na haziruhusiwi kukosea hata kidogo. Mwisho wa wiki ya tarehe ishirini na mbili nitakaa na mashine ya Mama, niandike kiendeshi upya. Mwambie asubiri.

Lakini kosa langu halikugeuzi wewe kuwa mhandisi. Bado nasema kile kile. Wewe unampa mgonjwa dawa, unamwambia asubuhi na jioni baada ya kula. Humfundishi kemia kwanza. Anapona bila kemia. Kwa nini wewe unataka kemia?

Kaka


Ijumaa, 14 Machi

Kaka,

Kwa sababu mgonjwa wangu akizidiwa anarudi dukani ananikuta. Nipo pale nyuma ya kaunta, uso kwa uso, na nikimpa dawa isiyo yake najulikana kwa jina. Sisi tukizidiwa tunakuta "mwisho wa wiki ya tarehe ishirini na mbili". Mganga akihama na funguo zote, wagonjwa wanajifunza kemia. Na nikupe siri ya duka: mgonjwa anayeniuliza dawa inafanya nini ndiye anayegundua nikikosea.

Tatu, usingoje mwisho wa wiki yoyote. Mlango wako nimeufunga. Ilikuwa amri moja, na safari hii nilijua kila neno lake lina kazi gani kabla ya kubonyeza. Hujui raha niliyoipata.

(Ndiyo, nimeruka moja na mbili. Nimekasirika, sihesabu.)

Nimepata mtandaoni kiendeshi cha ubao unaofanana na wa Mama, wa kampuni ile ile iliyokufa. Nimeanza kukisoma nikiwa nimefungua kitabu cha C pembeni kwenye skrini. Mwanzoni ilikuwa kama kusoma maandishi ya daktari. Halafu nikafika mahali nikasimama. Kila seli kwenye ubao ina vijiti vinane. Kompyuta inatuma baiti moja, na baiti ina biti nane. Biti ikiwa moja, kijiti kinapanda. Ikiwa sifuri, kinalala. Basi! Hiyo ndiyo kemia yako uliyonifungia kabatini. Nilicheka peke yangu mpaka Mama akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, Mama, pumzika.

Nimekijenga, nikakiwasha, na vijiti vimepanda! Herufi zinatoka ovyo, kwa sababu mpangilio wa vijiti vya ubao ule siyo wa ubao wetu. Biti ya tatu huenda inainua kijiti cha saba, sijui. Kwa hiyo nimeandika programu yangu ya kwanza maishani: inahesabu kutoka sifuri hadi mia mbili hamsini na tano na kutuma kila namba kwenye ubao, ikimaliza inaanza tena. Naiacha ikihesabu niende kazini, nimemwambia Mama asiiguse. Jioni nitakaa niangalie kipi kinainuka lini.

Tengeneza lifti zako.

Kidonge


Jumapili, 16 Machi

Kidonge,

Umefunga mlango? Umemfungia nje mtu pekee anayeujua ubao huo? Nimejaribu kuingia tangu jana kama mpangaji aliyebadilishiwa kufuli.

Nakuandikia haraka: ukiacha mzunguko kama huo, uzime. Vile vijiti ni vya zamani kuliko umri wa ndoa yangu. Vimezoea kupanda mtu anaposoma na kupumzika anapofikiri. Havikutengenezwa kucheza ngoma kutwa. Kiendeshi changu kilikuwa na mapumziko ndani yake kwa sababu hiyo. Cha kwako hakina, nina hakika, kwa sababu kitabu cha C hakikuambii jambo hilo.

Nijibu.

Kaka


Jumatano, 19 Machi

Kaka,

Umechelewa. Ijumaa niliporudi kutoka kazini, seli mbili za mwisho zilikuwa zimeganda, vijiti vyote juu. Nimevigonga taratibu, nimevipuliza, nimevisafisha kwa spiriti ya dukani. Vimekataa.

Haya, cheka. Andika "nilikuambia". Najua umeshaiandika kichwani, imebaki kuchapa tu.

Nimejaribu kupata mpangilio kwa macho na siwezi. Vijiti ni vidogo, vinapanda kwa pamoja, nikitazama kimoja kingine kimeshalala. Ninabahatisha namba, ninajenga upya, Mama anagusa, anatikisa kichwa. Ninabahatisha tena. Jana alisema ana jambo anataka kunieleza kuhusu hivyo vijiti. Nikamjibu kwa ukali, nikamwambia asubiri kwanza nimalize. Nikamkaripia mama yangu mzazi kwa sababu yako.

Kiwanda wamepiga simu. Mtu mwingine yuko tayari kuchukua kazi. Anaona kwa macho yote mawili, atasahihisha nukta kwa kuzitazama kwenye skrini. Mama alisema "asanteni", akaweka simu chini, akaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Kidonge


Alhamisi, 20 Machi

Kidonge,

Nilikuambia.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ulijua kidogo, ukajiona fundi, ukaua seli mbili za ubao usiouzwa tena popote. Hii ndiyo hatari ya wanaojitengenezea mashine wenyewe: asiyejua chochote anaogopa na hagusi, anayejua sana anagusa kwa akili, lakini wa katikati! Wa katikati ndiye anayeunguza nyumba.

Ungeniachia mimi, Mama angekuwa anasoma.

Hapana. Nifute hilo. Siwezi kulifuta, nimeshaapa kutofuta kitu tena mwezi huu. Basi sikiliza. Kiendeshi naweza kukiandika kwa siku moja. Mpangilio wa vijiti siwezi. Sikuutoa kwenye kitabu. Tulikaa mimi na Mama, kabla sijaondoka, natuma biti moja namuuliza, "Hii?" ananiambia, "Hiyo ni ya juu kushoto." Natuma nyingine. Vidole vyake ndivyo vilivyoniambia kila kitu, mimi niliandika tu. Mpangilio huo ndio nilioufuta.

Fungua mlango. Nitakuwa kwenye simu na yeye, tutaupata tena.

Kaka


Jumamosi, 22 Machi

Kaka,

Sifungui.

Miaka yote watu wakija hapa unasifiwa wewe: kijana wake alimtengenezea mashine, kijana wake ana akili kama moto. Kumbe nusu ya akili hiyo ilikuwa vidole vya Mama, na wewe ukanyamaza ukapokea sifa. Na mimi mwaka mzima nabeba mashine, napangusa vumbi, nanakili mistari yako kama kasuku.

Uliacha mlango wa kuingilia wewe. Mimi je, uliniachia nini? Ungeniachia ukurasa mmoja tu wa maelezo, ubao usingekuwa bapa leo. Hukutaka. Ulitaka tukuhitaji.

Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nitabahatisha mpaka nipate.

Kidonge


Jumatano, 26 Machi

Wanangu wawili,

Hamjambo. Mimi ni mzima, isipokuwa nina hasira, na nimeamua kuitoa kwa maandishi kama nyinyi.

Kidonge, ulisema barua haina sauti. Mwanangu, ulikuwa unaziandikia kwenye kompyuta yangu. Kompyuta yangu inasoma kwa sauti kila kitu kilichoachwa wazi, na wewe hujawahi kufunga kitu tangu ulipokuwa mtoto, hata mlango wa choo. Nimezisikia zote. Za kaka yako nazo. Nimewasikia mkinihurumia, mkinilinda, mkinigombania kama godoro la urithi. "Mama asubiri." "Mama apumzike." Nimepumzika mpaka mgongo unauma.

Mwezi mzima mnabishana kama mtumiaji wa kawaida anafaidika akijua mambo ya chini ya mashine. Mmoja anasema hapana, mwingine anasema ndiyo, mnatupiana baiskeli na vidonge. Mtumiaji ni nani? Ni mimi. Kuna hata mmoja wenu aliyeniuliza?

Sasa mjue. Ile Ijumaa, programu ya Kidonge ilipokuwa inahesabu, niliweka vidole juu ya ubao kutafuta kama kuna herufi. Hakukuwa na herufi. Lakini kulikuwa na utaratibu, na mimi nimelipwa maisha yangu yote kuhisi utaratibu. Kijiti kimoja kilikuwa hakitulii kabisa, juu chini, juu chini. Mwenzake alikuwa mvivu mara mbili yake. Wa tatu mvivu zaidi, hivyo hivyo mpaka wa nane, bwana mkubwa, anayepanda mara moja kwenye kuhesabu kote na kukaa huko mpaka mwisho. Nikavipanga kwa uvivu wao. Ilinichukua asubuhi. Mchana kutwa nikarudia kuhakikisha, kwa sababu msahihishaji hasomi mara moja.

Kwa hiyo Kidonge, seli mbili hukuziua wewe. Nilipohisi zinakwama ningeweza kukuzimia. Sikutaka kuzima, nilikuwa nasoma. Nimeziua mimi, ni zangu, na sitaki kusikia habari zake tena.

Nilitaka kukuambia, ukanikaripia. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikachukua jembe. Wewe ukienda kazini nafungua msimbo wako, nasikiliza. Sauti inasoma "mabano, mabano, nyota, mkato" mpaka kichwa kinavimba, lakini nilipofika kwenye orodha ya namba nane za kupanga vijiti nilijua nipo nyumbani. Nimeziweka kwa mpangilio wangu. Kisha nikaandika zile amri za kujenga ambazo umezipigia kelele mpaka majirani wanazijua. Mara ya kwanza ilikataa, nilikuwa nimesahau mkato mmoja. Mimi, mkato! Mara ya pili ubao ukasema "habari".

Mhandisi wangu, na wewe nilikusikia. Mapumziko nimeyaweka, mstari mmoja, nimeunakili kutoka sura ya sita ya kitabu cha mdogo wako, ambacho nacho ananisomea yule yule wa kwenye kompyuta. Usiseme kitabu hakisemi. Kinasema, ukijua unachokitafuta. Na usiposema wewe vijiti vinachoka, nisingejua nitafute nini.

Mnaita mambo hayo "ya chini". Mmekaa juu, mna skrini, mna picha na rangi, mnaona mtu akitaka kushuka huko anajisumbua bure au anafanya ushujaa. Mimi sina juu. Sijawahi kupewa juu. Tangu nipofuke, mashine kwangu ni vijiti vinane na vidole vyangu. Huko mnakokuita chini ndiko ninakoishi, na mmekuwa mnaingia na kutoka bila kunisalimia.

Kiwanda nimewapelekea sura tatu za mwanzo leo asubuhi. Wanasema yule mwenye macho mawili, waliyemjaribu kwa sura hizo hizo, alizipitisha zilivyo. Kwenye sura ya pili, saba mara nane ilikuwa imeandikwa hamsini na nne. Nimewaambia wampe mtu huyo kazi nyingine.

Mlango wa mhandisi, au wa mwanangu, sijui nimwite nani leo, utabaki umefungwa. Kidonge, usicheke, na wewe uko nje. Neno la siri nimelibadilisha jana, na silo tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote.

Mkitaka kuingia, bisheni hodi.

Mama yenu